Makumbusho ya soko la watumwa Mkunazini, Unguja: nendeni, na mwende na mtu anayependa kubisha

Nyota tano kati ya tano. Naanza na hilo kwa wale mnaotaka kujua tu kama inafaa kutoa hela au la. Inafaa. Bei siandiki maana zinabadilika, ulizeni getini, ila beba kitambulisho chako. Ukiwa Darajani ni mwendo mfupi tu wa mguu, ukipotea uliza kanisa la Mkunazini yeyote atakuonyesha, na nawashauri muende asubuhi kabla makundi ya watalii hayajajaa maana vyumba vya chini ni vidogo na joto lake si mchezo. Chukueni muongozaji, msizunguke wenyewe, kule vitu vingi ukiviangalia bila maelezo utaona ukuta na sakafu tu.

Haya ya kawaida yameisha, sasa niingie kwenye kilichonifanya niandike marefu.

Nilienda na mtoto wa dada yangu, yupo chuo, kijana ana akili na anasoma kweli, ananiita mama mdogo kwa heshima zote ila kwenye ubishi hana huruma hata kidogo. Tangu tupo kwenye boti ananiambia mambo ya jema na baya ni maoni tu, kila jamii na yake, kila mtu na yake, hakuna ukweli hapo. Na watu ananitajia, kuna Mwingereza anaitwa A.J. Ayer, 1936 huko, alisema ukisema "kuiba ni vibaya" hujasema jambo la kweli wala la uongo, umetoa hisia zako tu, sawa na mtu aliyeguna. Halafu kuna Mwaustralia J.L. Mackie, 1977, yeye akaenda mbali zaidi, akasema tunapoongea hivyo tunajidai kutaja kitu ambacho kipo wakati hakipo popote, kwahiyo wote tunasema yasiyo kweli. "Sasa mama mdogo huo ukweli wa maadili uko wapi? Nionyeshe nikauone." Mi siyo mtu wa falsafa, kazi yangu ni vitabu vya hesabu za watu, lakini nilikuwa najua tunaelekea wapi, na nilijua kama kuna sehemu Afrika Mashariki hii ambapo hiyo kauli inapata tabu kusimama basi ni pale Mkunazini.

Kwa asiyejua, pale palikuwa na soko la wazi la watumwa, la mwisho Unguja. Makadirio ya wanahistoria kwa miaka ya 1860 yanafika watu kama 20,000 kwa mwaka waliokuwa wanaingizwa kisiwani, wengi wametolewa pande za ziwa Nyasa na bara ya Kilwa, wengine wanabaki kwenye mashamba ya mikarafuu Unguja na Pemba, wengine wanavushwa kwenda Uarabuni na Ghuba. Na tusidanganyane hapa kwamba ni watu wa aina moja au dini moja waliofanya. Bara kule waliokamata watu walikuwemo Wayao na Wanyamwezi, yaani watu wa bara wenyewe, misafara ilikuwa ya Waarabu na Waswahili, mitaji mingi ilitoka kwa matajiri wa Kihindi, na Wafaransa nao walishanunua sana Kilwa kwa ajili ya visiwa vyao vya miwa, kuna mkataba wa 1776 kati ya sultani wa Kilwa na Mfaransa anaitwa Morice wa kumpatia watu 1,000 kila mwaka. Soko likafungwa mwaka 1873, tarehe 5 mwezi wa sita, Sultani Barghash aliposaini mkataba na mwakilishi wa Uingereza, John Kirk. Krismasi ya mwaka huohuo wamisionari wa Kianglikana wakaweka jiwe la msingi la kanisa palepale.

Maonyesho yenyewe yako kwenye jengo la St. Monica, pembeni ya kanisa, yalifunguliwa 2016 na yamepangwa vizuri, unaanzia jinsi watu walivyokamatwa bara, safari ya kuja pwani, soko, mashamba, mpaka biashara ilivyokomeshwa na yaliyobaki baada ya hapo. Someni taratibu. Wengi wanapita mbio wanataka kushuka chini wakaone minyororo wapige picha, na mi naona hao wanapoteza nusu ya hela yao.

Chini sasa. Unashuka ngazi, unainama, dari iko chini kiasi kwamba mtu mrefu kama huyu mtoto wetu hanyooshi shingo. Pande mbili pameinuliwa kama vitanda vya mawe, katikati kuna mfereji, hewa na mwanga vinaingia kwa vitundu vyembamba vya ukutani, minyororo imelazwa pale juu. Muongozaji akatueleza inavyosimuliwa, kwamba watu walirundikwa humo kwa makumi wakisubiri mnada, wanawake na watoto chumba kimoja, wanaume kingine. Tulikuwa tumebanana na wanafunzi wa sekondari, na binti mmoja wa mtandio mweupe akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani waliokuwa wanauza hawakujua kama ni makosa?" Muongozaji hata hajafungua mdomo, mwenzie akamjibu, "Zama zile ilikuwa kawaida."

Kijana wangu akanigeukia. Hakusema kitu ila nilimuelewa, maana hiyo ndo pointi yake yote imesemwa na mtoto wa sekondari kwa maneno manne. Zama zile ilikuwa kawaida, sasa hivi siyo kawaida, kesho hatujui, kwahiyo nani wa kusema kosa ni kosa?

Tukatoka nje tukakaa kivulini karibu na lile sanamu, wale watu watano waliosimamishwa ndani ya shimo, kazi ya Msweden Clara Sörnäs ya mwaka 1998, mnyororo wa shingoni unaelezwa ni wa kweli wa enzi zile. Hapo ndo tulikaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Akaanza na jambo ambalo sikulitegemea. Akaniambia mama mdogo hata hivyo vyumba tulivyotoka wapo wanahistoria wanaovitilia shaka, kwa sababu jengo la juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, inawezekana vilikuwa stoo tu. Ni kweli, ubishi huo upo, na nawaambia wazi mkienda mjue, haupunguzi thamani ya sehemu maana kwamba soko lilikuwepo pale halina mbishi. Lakini nikamuuliza, hao wanahistoria wanabishania nini? Si wanabishania kama watu walifungiwa mle au hawakufungiwa? Jibu la kweli ni moja hata kama hatutakaa tulijue. Hakuna mwanahistoria anayesema kwa vile tumeshindwa kukubaliana basi hakuna kilichotokea, ni maoni. Sasa kwa nini watu wakitofautiana kuhusu jema na baya ndo tunarukia kusema hakuna ukweli? Kutofautiana peke yake hakujathibitisha chochote.

Na siyo kwamba natunga. Mwaka 1869 hadi 1870 Unguja hii hii ilipigwa na kipindupindu, watu walikufa kwa maelfu, kulikuwa na daktari Mskoti mjini anaitwa James Christie alifuatilia na baadaye akaandika. Kipindi kile watu wenye elimu zao duniani walikuwa bado wanabishana, wengine wanasema ni hewa chafu, wengine maji, wengine adhabu ya Mungu. Robert Koch alikuja kumtangaza mdudu mwenyewe mwaka 1884. Je, kabla ya 1884 visima vichafu vilikuwa havina kosa? Vilikuwa vinaua. Wingi wa walioamini hewa haukumponyesha mtu hata mmoja. Watu wa zama zile kutojua jambo hakuligeuzi likawa sivyo.

Kijana akajibu, na nampa haki yake hapa ndo hoja yake ya nguvu. Akasema kipindupindu kina mdudu, Koch alimuona kwa hadubini, we niwekee "ubaya" kwenye hadubini niuone. Unachokiona ni mtu amefungwa mnyororo na mtu analia, hizo ni habari tu, "ubaya" umeuongeza mwenyewe.

Nimekaa na hilo swali muda, silidharau. Nililomwambia ni kwamba mi kila siku nafungua vitabu vya mtu nakuta hesabu haijakaa sawa, na hajawahi kuja mteja akaniambia huo usawa uko wapi nikauone na kuushika. Haushikiki, lakini haujatoka kwenye maoni yangu, nikikosea naonyeshwa nimekosea wapi, na mtu wa Kigoma na mtu wa Muscat wakikaa na risiti zilezile wanatakiwa wafike palepale. Kwahiyo kutoonekana kwa macho siyo mwisho wa mazungumzo. Swali ni je, kuna sababu zinazoweza kupimwa zikasimama au zikaanguka? Na kwenye utumwa zipo.

Angalia mambo ambayo kweli ni ya kupenda na kutopenda, kule hatudaiani sababu, kila mtu anabaki na lake maisha yanaendelea. Sasa waliotetea utumwa hawakuwahi kukaa hivyo. Walitoa sababu kila wakati! Bibi Salme, binti wa Seyyid Said aliyekuwa sultani wa Unguja, alitoroka kisiwani akaolewa na Mjerumani, akaandika maisha yake yakachapishwa 1886, mle ndani anautetea utumwa wa kwao, kwamba watumwa wanatunzwa vizuri. Ni mwanamke mwenye huruma ukimsoma, anapenda watu wa kwao, anakumbuka mpaka harufu za nyumba aliyokulia. Lakini ona, alihitaji kusema wanatunzwa vizuri. Kwa nini? Kwa sababu alijua kama hawatunzwi vizuri basi kuna jambo la kujibu. Na hiyo sababu inapimika. Kama walikuwa wanatunzwa vizuri kwa nini walitoroka? Kule Kenya nyuma ya Kilifi kulikuwa na kijiji kizima cha watoro kinaitwa Fuladoyo, nyuma ya Pangani nako walijikusanya, watu walikimbilia porini kwa simba na njaa kuliko kubaki wanatunzwa. Sababu imeangushwa na miguu ya watu wenyewe. Chukua nyingine, kwamba hawana uchungu wa kutengana kama sisi, kwamba wamezaliwa kuwa chini, kwamba huko walikotoka hali ni mbaya zaidi, zote ukizishika moja moja unakuta ni uongo, na uongo siyo suala la maoni.

Hapa nirudi kwa yule mwanafunzi na lile jibu lake, maana ndo nimelifikiria kuliko yote. "Zama zile ilikuwa kawaida." Kawaida kwa nani? Tukisema jamii ya zama zile iliona ni sawa, tumeshawatoa watumwa kwenye hesabu ya jamii kabla hatujaanza kuhesabu. Kama tunauliza maoni ya watu wa Unguja ya 1860 basi na wale waliokaa chini sokoni ni watu wa Unguja ya 1860. Kuna kisa kinachojulikana cha msichana wa Kiyao anaitwa Swema, mama yake alikuwa na deni, mtoto akachukuliwa kwa deni la mama, mama akakubali kufuata msafara kwa miguu ili tu asitengane naye, akafia njiani. Mtoto akafika Unguja amedhoofu kabisa, haonekani kama atauzika, akafukiwa mchangani akiwa hajafa. Kuna mtu alisikia sauti akamfukua, akapelekwa misheni ya Wafaransa, ndo maana kisa tunacho. Nendeni mkamuulize Swema zama zile ilikuwaje. Yeye alikuwepo zama zile kuliko mimi na kuliko profesa yeyote anayetuambia tusihukumu zama za watu.

Kwahiyo "kila jamii na maadili yake" ikifika kwenye jambo kama hili inageuka kuwa "kila wenye nguvu na maadili yao", na hilo nilimwambia wazi kijana, unafikiri unakuwa mpole kwa kutohukumu lakini ukishamaliza upole wako unakuta umekaa upande wa mwenye fimbo.

Akacheka kidogo, akasema haya mama mdogo, basi na Mwingereza naye si alishinda kwa nguvu? Maana Barghash hakusaini kwa kupenda, Kirk alimtishia kwamba manowari zitafunga bandari kisiwa kizima. Kama utumwa umekuwa kosa mwaka 1873, umekuwa kosa kwa mizinga. Kesho wakija wenye mizinga mingine na maadili mengine, je?

Nilifurahi aliposema hilo, kwa sababu lilinisaidia mimi. Mizinga ilibadilisha sheria. Kosa lilikuwepo kabla ya mizinga. Tena tukisema mizinga ndo inatengeneza ukweli basi lazima tuseme kabla ya 1807, mwaka aliopiga marufuku biashara ya watumwa, Mwingereza alikuwa sahihi, maana kabla ya hapo meli zake ndo zilikuwa miongoni mwa wabebaji wakubwa wa watumwa kuvuka bahari ya Atlantiki, na alikuwa na mizinga ileile. Na alipokuja kufuta utumwa kwenye makoloni yake, sheria ya 1833, akatoa pauni milioni 20 za fidia, akawapa wenye watumwa. Watumwa hawakupewa kitu. Unguja hivyohivyo, mwezi wa nne 1897 Sultani Hamoud akatoa amri chini ya Waingereza, utumwa hautambuliki tena kisheria, lakini mtumwa lazima aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na fidia anapewa bwana. Masuria hawakuhusishwa kabisa, walisubiri mpaka 1909. Miaka kumi na mbili mwanamke amebaki pale kwa sababu waheshimiwa waliona wakigusa ndani ya majumba ya watu wataleta fujo.

Sasa niambie, hiyo miaka kumi na mbili ilikuwa sawa? Sheria ilisema sawa, Sultani alisema sawa, Mwingereza na mizinga yake alisema sawa, na wenye nyumba ndo kabisa. Kama jema na baya ni maoni ya jamii au ya wenye nguvu, hakuna pa kusimama useme yule mama alidhulumiwa. Mi nasimama nasema alidhulumiwa, na sisemi kama mtu anayesema napenda au sipendi. Huo ukweli unamhukumu na Mwingereza pia, ndo uzuri wake, haumilikiwi na mtu.

Tena kuna hii ya bahari. Bara hapa, Mjerumani hakuufuta utumwa moja kwa moja, sheria ya kuufuta Tanganyika imekuja 1922 kwa Mwingereza. Maana yake mwaka 1910 mtu wa Unguja ni huru kisheria, panda jahazi vuka hadi Bagamoyo, ndugu yake bado anaweza kuwa mtumwa wa mtu kisheria. Masaa machache ya maji ya chumvi. Oman utumwa ulifutwa 1970. Sasa atakayeniambia kosa lilikuwa linazaliwa na kufa kulingana na upande wa bahari ulioko, mi namwambia hapana kaka, sheria ndo zilikuwa mbili, mtu aliyefungwa alikuwa yuleyule.

Halafu kitu kingine, hiki nakisema kwa heshima maana wengi wetu pwani tuna damu za pande zote mbili. Matajiri wengi wa zama zile wakikaribia kufa walikuwa wanaacha wasia watumwa wao waachwe huru, kwa kutafuta radhi za Mungu. Kumuacha mtumwa huru imetajwa kwenye Kurani, sura ya Al-Balad, kama njia ile ya mlima ambayo watu wanaiona nzito kuipanda. Kila mtu alijua kwamba kuacha huru ni thawabu. Basi yule binti aliyeuliza kama hawakujua, mi nadhani jibu lake liko hapo, kuna sehemu ndani yao walijua. Mtu hatafuti kujitakasa kwa kuacha jambo ambalo halina uchafu wowote. Na hiyo inanipa matumaini, kwamba ukweli ulikuwa unasikika mlemle ndani ya dini yao na mila zao, haukushushwa kutoka kwenye meli ya mtu.

Kusema lilikuwa kosa siyo kusema babu zetu wote walikuwa mashetani. Hayo ni mambo mawili. Mtu anaweza kufanya kosa kubwa akiwa amezaliwa ndani yake, amelelewa nalo, na hajawahi kumsikia mtu anayemheshimu akilipinga, na lawama yake ikapungua. Kosa lenyewe halipungui. Nafikiri watu wengi wanaosema "ni maoni tu" kwa kweli wanaogopa hili la kulaumu wazee, wanaona bora tuseme hakuna kosa kuliko tuseme babu alikosea. Familia nyingi za pwani mpaka leo ukiuliza bibi mzaa bibi alitokea wapi mazungumzo yanahamia kwenye hali ya hewa. Ukimya huo nao ni ushahidi. Jambo la kawaida haliachi aibu ya vizazi vinne.

Kanisani msisahau kuingia. Kwa haraka tu, limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, madirisha na matao yamechanganya umbo la kizungu na la kiarabu, Askofu Edward Steere aliyelisimamia amezikwa nyuma ya madhabahu, na ndo huyohuyo aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili. Mbele ya madhabahu kuna mviringo wa marumaru sakafuni, wanaeleza ni alama ya sehemu uliposimama mti wa kuchapia viboko. Kuna msalaba wa mti wa kule Chitambo, Zambia, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa. Muulizeni muongozaji kuhusu nguzo zilizosimamishwa juu chini, ni stori nzuri.

Sehemu inayohusu utumwa wa leo nayo msiipite. Tuna dada zetu wanaenda kufanya kazi za ndani Ghuba wananyang'anywa pasi, na tuna mabinti humu humu Dar wanafanya kazi kuanzia saa kumi na moja alfajiri mshahara "utapewa mwisho wa mwaka". Kila anayefanya hivyo ana lugha ileile, kwetu ndo utaratibu, mbona anakula na analala. Kama tumeshakubaliana maadili ni maoni basi tumeshamaliza, yeye ana ya kwake na yule binti ana ya kwake, na mwenye nyumba ndo mwenye funguo. Ndo maana huu ubishi mi siuchukulii kama wa chuo tu.

Kijana hajakubali yote, nisimsingizie. Anasema bado sijamuonyesha huo ukweli unatoka wapi, na kwamba kuonyesha hoja za watetezi wa utumwa zimeanguka siyo sawa na kuonyesha ya kwangu inasimama juu ya nini. Ni kweli, hapo ananidai, na tunaendelea. Ila amekubali kwamba "zama zile ilikuwa kawaida" halikuwa jibu la swali la yule binti, na kwamba Ayer akiwekwa mle chini aambiwe anayesema hii ni dhuluma ameguna tu, angepata kazi kubwa ya kujieleza.

Ninachotamani kiongezwe, siyo lawama, ni hamu yangu tu, ni maneno ya waliotetea ile biashara yawekwe kwa urefu, yasomwe na wanafunzi wayajibu wenyewe. Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, hapohapo Unguja nyumba yake ipo Shangani. Ukimsoma hana aibu wala hajifichi, anahesabu pembe na watu. Mtoto akisoma hayo halafu akashuka kwenye kile chumba atakuwa na kitu cha kufikiria mwaka mzima.

Walimu wa historia na uraia mkipeleka darasa tengeni muda baada ya kutoka chini, wakalisheni pale nje kwenye sanamu, waulizeni swali la yule binti na msiwajibie. Watoto wadogo msiwashushe, wabaki juu na mtu mzima, wangu wa miaka sita nisingempeleka. Mavazi yawe ya heshima, mabega na magoti yafunikwe. Mwenye shida ya kifua au anayeogopa sehemu zilizobana amwambie muongozaji mapema asishuke, ya juu peke yake yanatosha kabisa. Na bebeni maji.